Kizibo cha Koki na Vali ya Usalama



Katika barua tulizoletewa mwezi huu imo moja ya mama wa nyumba akaaye Nkuhungu, hapa Dodoma. Aeleza kwamba tangi lao la kupashia maji moto, lile ambalo watu wa siku hizi huliita hita, ladondosha maji upande wa chini. Mumewe yu safarini. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye spana na moyo wa kusaidia, amelitazama akasema jambo ni jepesi: ataleta kizibo cha chuma, atakaza, na tone litakoma. Mama atuuliza kama amruhusu.

Swali hili twaliona kubwa kuliko lilivyoandikwa, kwa kuwa lina majibu mawili. Ikiwa tone latoka katika koki ya kumwagia maji, kijana na afunge kizibo chake, hapana ubaya. Lakini ikiwa latoka katika vali ya usalama, basi afadhali mama yule aoge maji baridi mwaka mzima kuliko kumwachia kijana akaze kizibo hicho. Na vitu hivi viwili hukaa karibu karibu, aghalabu vyote ni vya shaba, na vyote huvuja. Ndiyo maana tumeona yatupasa kuutoa ukurasa wetu wote wa mwezi huu kwa jambo hili, na barua nyingine zitangoja.

Hapo zamani tangi la maji moto lilikuwa kitu cha nyumba za wageni na za wakubwa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, nyumba zenye bafu la ndani zimezidi sana, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu kila mtu aujua. Watu wamepanga nyumba, wamekuta chombo kimetundikwa ukutani, wamebonyeza swichi, maji yakawa moto, nao wakashukuru. Wangapi wameelezwa kile chombo kina nini ndani yake?

Jambo la kwanza la kufahamu ni maji yetu yenyewe. Nchi hii haina mto mkubwa, na mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, kadiri ya milimita 570 kwa mwaka. Hata jina la mji wetu, kwa masimulizi ya wazee wa Kigogo, latokana na tembo aliyeshuka kijitoni kunywa maji akadidimia katika tope. Kwa miaka mingi maji ya bomba ya mji huu yametegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Na maji yaliyokaa muda mrefu chini ya ardhi hubeba chumvichumvi na chokaa iliyoyeyuka. Kila mama aijua chokaa hiyo: ni ule ukoko mweupe ushikao ndani ya birika, na ni yenyewe iwafanyayo watu wasugue sabuni kwa muda kabla ya kuona povu.

Chokaa hiyo haionekani maji yakiwa baridi, kwa kuwa imeyeyuka pamoja na hewa ya ukaa. Maji yapatapo moto, hewa ile hutoka, na chokaa hukosa cha kuishikilia, basi huganda. Katika birika hushika pembeni. Katika tangi la lita 80 lipashwalo kila siku hushika kwenye chuma cha kupashia, kisha hubanduka magamba magamba na kutua chini kama mchanga. Nayo koki ya kumwagia maji imewekwa chini kabisa, mahali pale pale pa mchanga. Chembe moja ikinasa kati ya raba ya koki na kiti chake, koki haifungi tena barabara, hata uikaze kwa nguvu zako zote. Na ukiikaza kwa nguvu zako zote, chembe itaitoboa raba, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Sasa tuje kwenye kupambanua. Katika tangi la kusimama chini, na katika baadhi ya matangi ya juu ya paa, koki ya kumwagia ni kitu cha peke yake: ina mdomo wenye uzi ambao waweza kufungwa mpira wa kumwagilia bustani, na ina kishikio au mfereji wa kuingizia bisibisi. Vali ya usalama ni kitu kingine, nayo huitambua kwa kiwiko chake kidogo cha kuinua na tundu lake lililo wazi daima, ambalo mara nyingi huungiwa kijibomba cha kushukia maji. Lakini katika matangi mengi ya ukutani, yale ya lita 30, 50 na 80 tuyaonayo katika maduka yetu, hakuna koki ya kumwagia ya peke yake. Vali ya usalama imefungwa kwenye bomba la maji baridi liingialo tangini, na kile kiwiko chake ndicho kitumiwacho pia kumwagia. Kitu kimoja chafanya kazi mbili. Basi popote uonapo kiwiko cha kuinua, shauri la kizibo lisitajwe kabisa.

Baada ya kutazama kwa macho, yafaa kutazama kwa saa. Pangusa kote kwa kitambaa kikavu. Zima hita jioni, acha hadi asubuhi, kisha angalia. Ikiwa tone lilikoma tangi lilipopoa, na likarudi nusu saa baada ya kuwasha, basi hakuna kitu kilichoharibika, khasa tangi likiwa la ukutani. Maji yapatapo moto hupanuka. Tangi la lita 80 likipashwa kutoka joto la digrii 20 hadi 60, maji yake huongezeka kadiri ya lita 1 na robo. Na vali ile huruhusu maji kuingia wala hairuhusu kurudi kwenye bomba, ili maji ya moto yasiingie katika mabomba ya baridi. Lita ile ya ziada itakwenda wapi? Yatoka penye vali tone kwa tone, na hiyo ndiyo kazi yake. Wekeni chupa au ndoo ndogo chini yake, au mwiteni fundi aunge mpira mwembamba hadi kwenye tundu la bafu, mwisho wake ukiwa wazi.

Ikiwa tone laendelea usiku kucha tangi likiwa baridi, hapo pana kasoro. Tazama latoka wapi. Likitoka mdomoni mwa koki, ni raba au chembe ya chokaa. Likitoka penye uzi, pale koki iingiapo tangini, ni kufunga vibaya. Likitoka katika mwili wa tangi wenyewe, au maji yakiwa na rangi ya kutu yakitiririka kando ya kifuniko, tangi limeliwa na kutu, na hapo hakuna fundi wa kweli atakayekuambia kwamba laweza kuzibwa likadumu.

Wako watakaosema tone ni tone tu. Na wapime. Weka chombo chini ya koki kwa saa moja. Ukipata nusu lita, basi siku moja ni lita 12, na mwezi ni lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Twajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, ambacho kwa hesabu ya wengi ni kadiri ya theluthi mbili za lita. Lita 12 ni vibaba 18: nyumba ya watu watatu yapata udhu wa sala tano za siku nzima kutokana na tone hilo, na vibaba vitatu vyabaki. Haya twayasema katika nchi ambayo hata leo, kiangazi kikikaza, wako kina mama wa vijijini wachimbao mchanga wa makorongo kutafuta maji. Na yakiwa yavujayo ni maji yaliyokwisha pashwa, umeme nao wavuja: lita 12 za kila siku zilizopanda digrii 40 huchukua kadiri ya uniti 17 kwa mwezi.

Sasa matengenezo ya koki ya kumwagia. Zima swichi ya hita, kisha zima na swichi kuu ya nyumba. Usitosheke na taa nyekundu kuzimika, kwa maana taa yaweza kuungua na umeme ukawapo. Kama kabla ya siku hiyo uliwahi kushika bomba la bafu likakupiga shoti, hata kidogo, usiendelee mwenyewe. Mwite fundi umeme atazame waya wa ardhini na chuma cha kupashia. Fungulia maji ya moto bafuni yatoke hadi yawe baridi, au liache tangi lilale usiku kucha. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na ya mtoto ni upesi zaidi, basi watoto wasiwepo mahali hapo.

Funga koki ya maji baridi yaingiayo. Unga mpira kwenye mdomo wa koki ya kumwagia, na mwisho wake uutie ndooni au nje penye mti. Fungua koki moja ya maji ya moto bafuni ili hewa iingie, la sivyo maji yatagoma kutoka nawe utadhani koki imeziba. Kisha fungua ile ya kumwagia. Maji yakiisha nguvu, fungulia maji baridi kidogo yaingie kwa kishindo, funga, fungulia tena, yakoroge ule mchanga wa chini. Utaona maji meupe kama ya kuoshea mchele, na magamba. Rudia hadi yatoke safi. Wakati huo huo ifungue na kuifunga ile koki mara tatu nne ili kiti chake kijisafishe. Mara nyingi kazi huishia hapa, na tone hukoma bila kununua kitu, kwa kuwa ugonjwa wote ulikuwa ni ile chembe.

Lisipokoma, ni raba, ambayo mafundi huiita washa. Koki nyingine zafunguka kichwa, na raba hubadilishwa kwa bei ndogo. Nyingine, khasa za plastiki, hazifunguki, nazo hutolewa nzima. Sisi twapendelea ya shaba badala ya plastiki, kwa kuwa plastiki ikizoea joto hukakamaa na kupasuka wakati wa kukazwa. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani wakupe yenye uzi kama wake, usikisie. Zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba juu ya uzi kwa upande ule ule ambao koki hukazwa, mizunguko mitano au zaidi kidogo, na ukaze kwa kiasi. Jaza tangi, ukiacha koki ya maji ya moto bafuni wazi hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Ndipo uwashe umeme. Atakayewasha tangi likiwa tupu, chuma cha kupashia kitaungua kabla hajamaliza kukunja mikono ya shati.

Na kizibo cha yule kijana? Kwenye koki ya kumwagia iliyo peke yake, kofia ya shaba yenye raba ndani, ikikazwa juu ya mdomo wake, ni dawa nzuri ya muda hadi koki mpya ipatikane. Wengine huiacha daima, wala hatuwalaumu.

Kwenye vali ya usalama ni habari nyingine. Hita ina kifaa cha kupima joto ambacho hukata umeme maji yafikapo kiwango. Kifaa hicho ni kidogo na huchoka. Kikigoma kukata, maji huendelea kupanda moto katika chombo kilichofungwa, hupita kiwango cha kuchemka yasiweze kuchemka kwa kukosa nafasi, na nguvu yazidi kila dakika. Vali ndiyo mlango pekee uliobaki. Mlango huo ukitiwa kizibo, au kijiti kilichochongwa, au waya wa kukaza kiwiko kama tulivyoona katika nyumba moja ya kupanga, basi chuma cha tangi ndicho kitakachofungua njia. Siku hiyo maji yale hugeuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke.

Haya si ya kutishia watoto. Tarehe 19 Januari 1982, katika shule ya msingi ya Star, mji wa Spencer, jimbo la Oklahoma huko Marekani, tangi la kupashia maji la jikoni liliripuka wakati wa chakula cha mchana. Walikufa watoto 6 na mwalimu 1, na wengine wengi walijeruhiwa. Vifaa vilivyowekwa kulinda tangi lile havikuwa katika hali ya kufanya kazi yao. Sisi tufundishao watoto hatuwezi kuisoma habari hiyo tukaipita. Na tangi la nyumbani ni dogo kuliko la shule, kweli, lakini bafu nalo ni dogo kuliko ukumbi wa chakula.

Basi vali ya usalama ikivuja mfululizo hata tangi likiwa baridi, dawa yake ni hii. Inua kiwiko chake maji yamwagike sekunde chache, ukiachie. Huenda chembe ya chokaa ikatoka. Ikiendelea, nunua vali mpya yenye nambari ile ile, wala usinunue ya nguvu kubwa zaidi ili eti isivuje. Vali nyingi hufunguka kati ya bari 6 na 8, na imeandikwa juu yake. Bari moja ni uzito wa maji ya kina cha mita 10. Nyumba inayopata maji kutoka tangi la plastiki lililo juu ya mnara wa mita 6 haipati hata bari moja, kwa hiyo hapo msisingizie nguvu ya maji. Vali yenyewe ndiyo mbovu. Iliyoungwa moja kwa moja na bomba la mtaani yaweza kupata nguvu kubwa usiku watu walalapo, na fundi ataweka kifaa cha kupunguzia.

Kwa maji yetu haya twaona tangi limwagwe na kusafishwa mara mbili kwa mwaka, mathalan Mei kabla ya baridi, na Novemba. Andika tarehe kwa chaki au kalamu ubavuni mwa tangi, kwa kuwa mpangaji huhama na tangi hubaki. Joto liwekwe digrii 60, si zaidi, kwani kila linapopanda ndivyo chokaa izidivyo kuganda. Na mara moja baada ya mwaka au miwili mwambie fundi atoe ile fimbo ya magnesi iliyo ndani. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, kutu itageukia tangi.

Tumeulizwa pia kama yale maji meupe yaliyomwagwa yafaa kutawadhia. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema maji yaliyobadilika kwa kitu cha mahali yalipokaa au yalipopita, kama udongo na mfano wake, hayatoki katika hukumu ya kutwaharisha. Basi yakitua na kupoa yatumieni, na yakiwachukiza machoni, osheeni sakafu.

Wenye matangi ya jua juu ya paa wazingatie kwamba hao hawana swichi ya kuzima. Koki yao na itengenezwe alfajiri, au mitungi ya kioo ifunikwe kwa turubai tangu jana yake. Saa sita mchana maji ya tangi hilo huweza kukaribia kuchemka, na hapa kwetu, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka mapema, kwenye digrii 96 hivi. Wanafunzi wetu wa chuoni, waliosoma mlango wa maji katika fiqhi, hutuuliza juu ya karaha ya maji yaliyopashwa na jua. Karaha hiyo imetajwa katika vitabu vya Shafi kwa masharti yake, nayo huondoka maji yakipoa. Na Imam Nawawi aliona dalili yake haina nguvu. Maelezo marefu tumeyaweka kwa mwezi ujao, inshallah, pamoja na jibu la ndugu wa Kongwa aliyeuliza juu ya mwani uotao katika tangi lake la plastiki.